Kumpeleka mama Hispania: majumba ya kale, supu baridi na jua la saa nane mchana

Saa nane mchana mwezi wa Agosti, mitaa ya mji wa kale wa Córdoba, kusini mwa Hispania, huwa mitupu. Maduka yamefungwa, madirisha yameshushiwa mapazia, na paka wamejilaza kwenye kivuli cha ukuta. Wanaoonekana barabarani ni watu wa aina moja tu, wageni. Wana kofia, wana simu za kupigia picha, wana chupa ya maji iliyokwisha kupata moto, na mara nyingi hatua kumi nyuma yao yuko mtu mzima anayetembea taratibu huku ameshika kiuno.

Mtu mzima huyo siku hizi anaweza kuwa mama aliyetoka Tanga, Moshi au Dar es Salaam. Safari yenyewe huanza kwa nia njema kabisa. Mtoto anayefanya kazi Uingereza au Ujerumani amemwalika mzazi wake, amepata likizo Agosti kwa sababu ndipo wajukuu wanapofunga shule, kisha akaona tiketi za ndege za bei ndogo za kwenda Sevilla au Málaga. Hoteli inapatikana, ratiba inapangwa, majumba ya kuona yanaorodheshwa. Kinachosahaulika kwenye ratiba ni kwamba mama ana vidonge vya presha vya asubuhi, sukari inayotaka kuliwa kwa saa maalumu, na magoti ambayo hayakuulizwa.

Safari hii si ya kuacha. Ni ya kupanga upya.

Cha kuona kipo

Msikiti Mkuu wa Córdoba ulianza kujengwa miaka ya 780, wakati wa utawala wa Abd al-Rahman wa Kwanza, na watawala waliomfuata wakaupanua kwa miaka mipatayo mia mbili. Ndani kuna nguzo zaidi ya 850, nyingi zikiwa zimechukuliwa kutoka kwenye majengo ya Kirumi yaliyokuwapo kabla. Kwa kuwa nguzo hizo zilikuwa fupi, mafundi walipandisha tao juu ya tao, mawe meupe na matofali mekundu yakipishana, paa likainuka na hewa ikapata pa kupita. Mgeni anayeingia kutoka kwenye jua hupokewa na ubaridi na giza jepesi, kisha macho yanazoea na nguzo zinaanza kuonekana, safu baada ya safu, mpaka anashindwa kujua ukumbi unaishia wapi.

Mwaka 1236 mji ulichukuliwa na mfalme Mkristo, Fernando wa Tatu, na msikiti ukafanywa kanisa. Karne ya 16 likajengwa kanisa zima katikati ya ukumbi ule. Hadi leo jengo ni kanisa kuu la jimbo, misa husomwa humo, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani ingawa mihrabu yenye mapambo ya vijiwe vya dhahabu iko palepale. Familia za Kiislamu zinazokwenda ni vizuri zilijue jambo hili mapema, maana walinzi huja haraka na mzee aliyesafiri kwa shauku anaweza kuumia moyo.

Sevilla, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni ya kasi, kuna Giralda. Ulikuwa mnara wa msikiti uliojengwa karne ya 12, sasa ni mnara wa kengele wa kanisa kuu, ambalo lenyewe ni miongoni mwa makanisa makubwa zaidi duniani. Juu hakupandwi kwa ngazi. Kuna miteremko laini 35 inayozunguka ndani ya mnara, iliyotengenezwa hivyo ili anayekwenda kuadhini aweze kupanda akiwa juu ya mnyama. Ngazi ni chache tu, mwishoni kabisa. Kwa mzee mwenye magoti mabovu tofauti hii ni kubwa, anaweza kupanda miteremko kumi, akasimama dirishani kupumzika, akaamua kuendelea au kurudi bila aibu.

Granada nayo ina Alhambra, mji wa kifalme uliojengwa juu ya kilima kuanzia karne ya 13, ngome ya mwisho ya Waislamu katika Hispania mpaka ilipokabidhiwa Januari 2, 1492. Kuta zake zimechongwa maandishi ya Kiarabu mpaka juu, na katika Ua wa Simba simba 12 wa mawe wamebeba bakuli la maji. Hapa ndipo wengi hukwama. Tiketi huandikwa jina na namba ya pasipoti, na saa ya kuingia kwenye majumba ya wafalme wa ukoo wa Nasri huwa imeandikwa, ukichelewa, umeikosa. Miezi ya wageni wengi tiketi huisha mapema sana. Familia ikipata iliyobaki ya saa nane mchana hufurahi kwamba imepata, bila kujiuliza kwa nini ndiyo iliyobaki.

Eneo lote la Alhambra, pamoja na bustani zake, linataka mwendo wa kilomita kadhaa. Mtaa wa Albaicín unaotazamana nayo una njia nyembamba za mawe madogo ya mviringo, zinazopanda na kushuka. Viatu vya wazi vyenye kisigino, hata kifupi, viachwe nyumbani. Mabasi madogo hupanda mpaka juu, na hakuna anayetoa zawadi kwa kufika kwa miguu.

Nyumba iliyojengwa kulikimbia jua

Anayefahamu Mji Mkongwe wa Zanzibar au mitaa ya Lamu atatambua mambo mengi bila kuelezwa. Njia ni nyembamba ili nyumba moja iitie kivuli nyingine. Kuta ni nene na zimepakwa chokaa. Nje nyumba haisemi kitu, uzuri wote uko ndani, kwenye ua uliozungukwa na vyumba, wenye vigae vya rangi, vyungu vya maua na mara nyingi kisima au chemchemi ndogo. Wahispania huuita ua huo pátio, na Córdoba hufanya tamasha la nyua hizo kila Mei, ambapo wenyeji hufungua milango yao kwa wapita njia. UNESCO iliitambua desturi hiyo mwaka 2012.

Ua ule si pambo tu. Maji yanayorukaruka na majani yaliyomwagiliwa hupoza hewa, hewa ya moto hupanda juu, na usiku baridi hushuka na kutulia chini. Katika nyumba za kale za Sevilla familia ilikuwa ikihamia ghorofa ya chini wakati wa joto na kurudi juu wakati wa baridi. Barabara za maduka katikati ya mji hutandikiwa vitambaa vikubwa juu kwa juu, kutoka paa hadi paa, ili watu wapite kivulini.

Wenyeji wanalijua jua lao. Agosti 2021 joto katika mkoa wa Córdoba lilipita nyuzi 47. Mwaka uliofuata Sevilla ilianza kuyapa mawimbi ya joto majina, kama vile vimbunga vinavyopewa, ili watu wayachukulie kwa uzito; la kwanza, Julai 2022, liliitwa Zoe. Watafiti walikadiria kwamba joto la majira hayo ya 2022 liliua watu zaidi ya 61,000 barani Ulaya, na zaidi ya 11,000 kati yao walikuwa Hispania. Wengi walikuwa wazee.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kucheka: sisi tumezaliwa kwenye joto. Ni kweli, lakini joto la pwani ya Afrika Mashariki ni la nyuzi 32 au 33 lenye unyevu, ambalo jasho hulitangaza. Joto la Andalusia ni kavu. Jasho hukauka kabla halijaonekana, mtu hupoteza maji bila kujua, na mzee, ambaye kiu yake huchelewa kuliko ya kijana, huja kugundua akiwa tayari kichwa kinamzunguka. Akiwa anatumia vidonge vya presha vinavyotoa maji mwilini, hatari huongezeka. Swali la namna ya kuvitumia wakati wa joto kali linapaswa kuulizwa kwa daktari wake kabla ya safari. Si la kuamuliwa na mtoto hotelini, na si la kuamuliwa na mama mwenyewe kwa kuruka dozi.

Dalili za kuangaliwa ni kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza. Mzee akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, au ngozi ikiwa ya moto sana na usingizi mzito unamchukua, hilo limekwisha kuwa la dharura. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na ipigwe namba 112, ambayo ni bure na inafanya kazi Ulaya nzima.

Mezani kuna ndugu

Ukisoma karatasi ya vyakula ya Kihispania kwa sauti, Kiswahili kinaitika. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, zaituni ni aceituna. Lugha zote mbili zilichota kisima kimoja cha Kiarabu. Hata neno "hata" lenyewe wanalo, husema hasta, na mtu asiyetajwa jina kwao ni fulano.

Chakula cha kwanza cha kumpa mama Córdoba ni salmorejo. Ni supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate, kitunguu saumu, mafuta ya zaituni na chumvi, iliyosagwa mpaka ikawa laini. Dada yake, gazpacho, ni nyepesi zaidi na huongezwa tango, pilipili hoho na siki. Vyakula hivi vilikuwa vya wafanyakazi wa mashambani, na ukivitazama kwa jicho la afya utaona kwa nini: ni maji na chumvi, vile vile ambavyo mwili umetokwa navyo juani. Mgeni wa Kitanzania huweza kukunja uso kwa supu iliyotoka kwenye friji. Kijiko cha tatu humbadilisha.

Kuna biringanya zilizokatwa nyembamba, zikakaangwa na kumiminiwa asali nyeusi ya miwa. Kuna mchicha wa Sevilla uliopikwa na dengu kubwa na bizari nyembamba, ambao ukifumba macho unakaribia nyumbani. Kuna samaki wadogo waliovingirishwa kwenye unga na kukaangwa. Na ipo tortilla ya viazi na mayai, ambayo Mtanzania yeyote ataitambua kuwa ni shangazi wa chipsi mayai, ila viazi vyake hupikwa polepole kwenye mafuta ya zaituni mpaka vilainike na yai huachwa nene kama keki. Sahani moja ya hiyo na saladi ya nyanya inamtosha mtu.

Machungwa yanayoning'inia kwenye miti ya barabarani Sevilla si ya kula. Hayo ni madanzi. Wajukuu watachuma tu, na uso utakaofuata utastahili picha.

Kuhusu faida ya mlo wa nchi hizi kwa moyo, ushahidi upo. Utafiti mkubwa uliofanyika Hispania, uitwao PREDIMED, ulifuatilia watu 7,447 wenye umri wa miaka 55 hadi 80 waliokuwa katika hatari ya kupata maradhi ya moyo. Matokeo yaliyotangazwa 2013 yalionyesha kwamba waliokula mlo wa ukanda wa Mediterania pamoja na mafuta mengi ya zaituni au karanga za aina mbalimbali walipata kiharusi, mshtuko wa moyo au kufa kwa maradhi hayo pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko waliopewa ushauri wa kupunguza mafuta. Mwaka 2018 watafiti waliiondoa ripoti yao kwa sababu baadhi ya washiriki hawakuwa wamegawanywa kwa njia sahihi, wakazichambua takwimu upya na kuichapisha tena kwa maneno ya tahadhari zaidi. Matokeo hayakubadilika sana.

Ila mlo uliopimwa ulikuwa wa mboga, mikunde, samaki, matunda na mafuta ya zaituni. Anachokula mtalii kwa siku nne mara nyingi ni vitu vya kukaanga, nyama ya chumvi, bia, na asubuhi churros, maandazi marefu membamba yanayochovywa kwenye chokoleti nzito. Mwenye kisukari anaweza kuonja churro moja na mwenzake akamalizia, lakini asidhani kwamba amekula mlo wa Mediterania kwa sababu yuko Mediterania.

Chumvi nayo inajificha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Zaituni za kwenye kibakuli, jibini, samaki wa kopo na supu baridi, vikikutana mchana mmoja, kijiko hicho kimekwisha kabla ya chakula cha usiku.

Nyama isiyotajwa

Kwa familia zisizokula nguruwe, kazi ni kubwa kidogo. Jamón, paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa miezi mingi, kwa Wahispania wengi si nyama, ni kiungo. Salmorejo huletwa imenyunyiziwa vipande vyake juu. Mboga zilizoandikwa kwenye karatasi bila kutajwa nyama huweza kuja nazo. Ukiuliza kama kuna nyama, mhudumu anaweza kujibu hakuna, kwa nia njema kabisa, kwa sababu hajaihesabu. Swali sahihi ni la kutaja jina: "sin jamón, sin cerdo", yaani bila jamón, bila nguruwe. Mafuta ya nguruwe huitwa manteca, na ndiyo yanayotumika kwenye biskuti laini za Krismasi ziitwazo mantecados.

Granada ni rahisi zaidi. Chini ya Albaicín kuna mtaa wenye migahawa ya Wamorocco na nyumba za chai, chakula halali kinapatikana, na tangu 2003 kuna msikiti juu kilimani unaotazamana na Alhambra. Mji huo pia una desturi ya kumpa mteja kisahani cha chakula bure kwa kila kinywaji anachoagiza, hata kama ni soda. Visahani vitatu vya namna hiyo ni mlo, ila mpishi ndiye anayechagua, kwa hiyo maneno yale ya "sin jamón" yatangulie kabla sahani haijafika.

Wenye mzio wana nafuu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka hoteli na migahawa kueleza kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyosababisha mzio, zikiwamo karanga, mayai, maziwa na samaki wa magamba kama kamba na kaa. Kuuliza si usumbufu.

Saa saba bila kula

Jambo linalowashinda wageni wengi ni saa. Wahispania hula chakula cha mchana kuanzia saa nane, na cha usiku kuanzia saa tatu. Kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku majiko mengi huwa yamezimwa. Kijana atavumilia. Mama anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyosukuma kongosho kama glibenclamide, akikosa chakula sukari yake inaweza kushuka mpaka akaanguka.

Dawa ya hili si kubishana na mgahawa. Chakula cha mchana kifanywe ndicho kikubwa: migahawa mingi siku za kazi ina mlo wa bei moja wenye sahani mbili, mkate, tunda au kitamu, na kinywaji, na ni nafuu kuliko kuagiza kimoja kimoja. Saa kumi na moja jioni wenyeji wenyewe hula kitu kidogo, mkate na jibini au tunda, na mama ale nao. Mkobani kuwe na kitu cha sukari muda wote, na mtoto mmoja apewe jukumu la kujua kilipo. Dawa zisafiri kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, pamoja na cheti cha daktari, kwa kuwa insulini ikiwekwa kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda. Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa nusu saa.

Karatasi pia zina mtego wake. Viza ya Uingereza haimwingizi mtu Hispania. Mama aliyekuja London atahitaji viza ya Schengen, na ili aipate lazima awe na bima ya safari inayolipia matibabu ya angalau yuro 30,000. Bima hiyo isomwe kabla ya kulipiwa, hasa sehemu inayohusu magonjwa ambayo mtu alikuwa nayo tangu awali. Bima rahisi mara nyingi huyaacha nje magonjwa hayo, na kwa mtu wa miaka 65 mwenye presha na sukari, hayo ndiyo yatakayompeleka hospitali.

Desemba badala ya Agosti

Hispania ilipokea wageni karibu milioni 94 mwaka 2024, idadi iliyowazidi wenyeji karibu mara mbili. Barcelona, ambako watu huenda kuona kanisa la Sagrada Família lililoanza kujengwa 1882 na bado mafundi wako juu, wakazi waliandamana mwaka huohuo wakiwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Wanalalamikia kodi za nyumba zinazopanda kwa sababu vyumba vimegeuzwa vya wageni, na mji umetangaza kutoongeza tena muda wa leseni za vyumba hivyo vya watalii zitakapokwisha 2028. Mtu aliyewahi kuona nyumba za Mji Mkongwe zikigeuka hoteli moja baada ya nyingine hatashangaa.

Lakini wageni hao wengi hujazana katika miezi michache. Kwa familia yenye mzee, Aprili, Mei, Oktoba na Novemba ni miezi ya kutembea, ingawa Pasaka Sevilla hujaa na bei hupanda. Na kwa wanaotoka Tanzania ipo Desemba, ambapo shule zetu zimefungwa. Mchana wa Sevilla wakati huo huwa wa nyuzi 16 au 17, sweta inatosha, miti ya madanzi imejaa rangi na foleni ni fupi. Granada ni baridi kweli, asubuhi inataka koti na soksi nzito, lakini nyuma ya kuta nyekundu za Alhambra milima ya Sierra Nevada huwa imefunikwa theluji, na tiketi ya saa nne asubuhi, ile ambayo Agosti haipatikani, mara nyingi bado ipo.

Anayelazimika kwenda Agosti afuate saa za wenyeji. Jengo moja asubuhi, milango inapofunguliwa. Chakula kizito saa nane, ndani, mahali penye kivuli. Kisha mapazia yashushwe na mama alale mpaka saa kumi na mbili jioni. Jua la Andalusia wakati huo bado liko juu, na huzama karibu saa tatu usiku. Hapo ndipo mitaa ya Córdoba inapojaa: bibi wanatoa viti nje ya milango, watoto wanacheza mpira uwanjani, na daraja la Kirumi linapata upepo wa mto. Mama akitoka saa hiyo, amelala, amekula, amemeza dawa zake, anaweza kutembea mpaka ng'ambo na kurudi.